Kibanda cha Sola cha Baba Pacha

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Baba Pacha alikuwa ameshavaa miwani yake myeusi na kuwasha mashine ya kuchomelea. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya bati moja refu. Alitengeneza mageti, madirisha ya chuma na vitanda. Ukipita mtaa ule ukaona geti limesimama wima na halilii likifunguliwa, ujue ni kazi yake. Mwenyewe alijua hivyo, na hakuwaachia wengine kazi ya kumsifu.

"Mimi na chuma tumenyonya ziwa moja," alipenda kusema.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mkunga. Pacha wao wa kike walikuwa na miaka minne, na walisema kwa pamoja kama redio mbili. Mama yake Mama Pacha naye alikuwa akiishi nao. Alikuja kuwalea pacha walipozaliwa, akaombwa asiondoke. Watu wote walimwita Bibi. Baba Pacha alimwita Mama, na alimheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa. Hakukaa kabla yeye hajakaa, wala hakupaza sauti mbele yake.

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuwatembelea wanawake waliojifungua. Aliwapima watoto, aliangalia vitovu, alifundisha kunyonyesha. Asubuhi alizunguka, adhuhuri alirudi kula na kuandika ripoti, alasiri akatoka tena. Mwaka ule walipata gari dogo la umeme lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Halikunguruma wala halikutoa moshi. Pacha walilipa jina la Bubu.

"Sasa huyu Bubu mtamlisha wapi?" Bibi aliuliza siku ya kwanza.

"Juani, Mama," Baba Pacha alijibu. "Nitajenga kibanda cha gari hapa uani. Badala ya mabati nitaezeka paneli za sola. Gari litapata kivuli na chakula mahali pamoja."

Wazo lilikuwa zuri. Mama Pacha alilipenda, ila aliongeza neno moja.

"Tumwite Dada Testa."

Dada Testa alikuwa jirani yao, fundi umeme mwenye leseni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya testa, ile bisibisi ndogo inayowaka taa ikigusa umeme. Haikutoka mfukoni mwake hata akienda harusini.

"Aje kufanya nini?" Baba Pacha aliuliza. "Kibanda ni chuma. Chuma ni changu."

"Chuma ni chako. Umeme ni wake."

"Waya ni waya, mke wangu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mtu anayechomelea geti ashindwe na waya?"

Mama Pacha alimwangalia, akachukua mkoba wake wa kazi, akaondoka. Alimjua mumewe. Akishavimba kichwa, hata kofia haimtoshi.

Kibanda kilisimama kwa siku tatu. Baba Pacha alichimba mashimo manne, akasimamisha nguzo, akafunga fremu juu yake na kupanga paneli. Inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa jua uwe umeme wa kutumia nyumbani, aliitundika jikoni. Alifuata video kwenye simu. Waya wa kutoka kwenye inveta hadi kwenye gari ulikuwa mfupi. Akauunga na kipande kingine alichokitoa karakana. Alisokota nyaya kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akaficha kiungo nyuma ya kabati la vyombo. Urefu uliozidi aliukunja kama kamba ya mbuzi na kuutundika kwenye msumari, karibu na pazia.

Adhuhuri Bubu alichomekwa. Taa ya kijani iliwaka. Majirani walikuja kutazama, na Baba Pacha akawaeleza kila bolti. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya mkabala naye alikuwa na gari la umeme. Alizunguka kibanda mara mbili.

"Nijengee na mimi kama hiki," alisema.

"Wiki ijayo, Mwalimu. Kwako nitakifanya kizuri zaidi."

Na kweli alikijenga. Waya wa Mwalimu pia ulikuwa mfupi. Baba Pacha akauunga vilevile, akaficha kiungo stoo, nyuma ya maboksi ya vitabu vya zamani.

Mwezi mmoja ulipita bila tatizo. Siku ya balaa ilikuwa siku ya jua kali. Bubu alikuwa anachaji tangu saa tano. Baba Pacha alikuwa karakana, pacha wanacheza uani, Mama Pacha bado hajarudi. Bibi alikuwa jikoni. Alikuwa amechomeka birika la umeme ili achemshe maji ya chai.

Kwanza Baba Pacha alisikia harufu ya plastiki. Akadhani ni rangi ya geti. Halafu akasikia Bibi akiita jina lake. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anayekosa pumzi.

Alipofika, pazia lilikuwa linawaka na rafu ya kabati imeshika moto. Bibi alikuwa amelivuta pazia kwa mkono ili moto usipande darini. Baba Pacha alimtoa nje, akakimbilia swichi kuu na kuizima. Lakini nyuma ya kabati cheche ziliendelea kuruka. Hakuelewa. Alikuwa amekwisha kuzima umeme.

Majirani wawili waliingia na ndoo za maji.

"Msimwage maji," Mwalimu alisema kwa ukali kutoka mlangoni. "Huo ni umeme. Leteni mchanga."

Karakana ilikuwa na rundo la mchanga. Walimwaga beseni baada ya beseni mpaka moto ukafa. Nusu ya kabati ilikuwa imeungua. Ukuta ulikuwa mweusi hadi darini.

Mama Pacha alirudi na kuukuta mkono wa mama yake umeungua. Aliushika mkono ule chini ya maji ya bomba yaliyotiririka polepole, dakika ishirini nzima, akaufunika kwa kitambaa safi. Hakupaka mafuta wala dawa ya meno. Alijua hivyo vinafungia joto ndani.

Wakati huo Baba Pacha alikuwa ameuchomoa waya kwenye inveta na kupiga magoti nyuma ya kabati. Alikiona kiungo chake. Utepe ulikuwa umeyeyuka, na shaba ilikuwa wazi na nyeusi. Ukuta wa hapo ndio uliokuwa umeungua zaidi. Moto ulianzia pale. Hakuhitaji kuambiwa.

Nyuma yake jirani mmoja akasema, "Mambo ya mabirika haya. Wazee wanachomeka, wanasahau."

Bibi alikuwa mlangoni na mkono wake uliofungwa. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyechomeka birika."

Watu wote walimtazama Baba Pacha. Yeye ndiye mwenye nyumba, tena ndiye fundi.

Alifungua mdomo. Aliwaona majirani, alimwona Mwalimu, alimwona mkewe. Nyuma ya kabati, mkono wake ukakinyofoa kipande cha waya chenye kile kiungo na kukitia mfukoni.

"Cha muhimu watu wamesalimika," alisema.

Maneno yale hayakuwa uongo, lakini kila aliyeyasikia aliondoka akijua kosa ni la Bibi.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Mama Pacha alimsemesha mama yake kwa ukali. "Mama, nimekuomba mara ngapi usiondoke jikoni birika likichemka? Watoto walikuwa hapo nje."

"Sikuondoka, mwanangu."

"Basi limewakaje?"

Bibi alitazama sakafu. "Labda niliondoka. Sikumbuki vizuri."

Baba Pacha alikuwa anakula. Alinywa maji, akakata tonge jingine.

Kuanzia siku iliyofuata Bibi hakugusa swichi. Akitaka taa alimwita mjukuu. Maji aliyachemsha nje kwa mkaa, kwa mkono mmoja, na moshi ukimtoa machozi. Kila akizima jiko alirudi kulitazama mara tatu. Baba Pacha alimwona kutoka karakana. Kila alipomwona, alishusha miwani yake myeusi hata kama hakuwa anachomelea.

Bubu naye hakuwa na mahali pa kuchajiwa. Mama Pacha alikataza kabisa asichomekwe pale nyumbani. Alienda kuwaona wanawake waliojifungua kwa miguu, na wengine hakuwafikia. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga aliyegeuka manjano macho na ngozi. Mama Pacha alimfikia akiwa amechelewa kwa siku mbili, ikabidi mtoto akimbizwe hospitali. Alipona, lakini Mama Pacha alirudi nyumbani akiwa amekunja uso.

"Namwita Dada Testa," alisema. Hakuuliza.

Siku ya nane Bibi alimwambia mkwewe kwa upole, "Baba, nimemwomba mwanangu wa kiume aje anichukue Jumamosi. Nimekuwa mzigo. Mtu anayesahau moto hafai kukaa na watoto."

Baba Pacha alisimama na nyundo mkononi. Sasa hivi, alijiambia. Sema sasa hivi.

"Usiseme hivyo, Mama," alisema. Basi. Alirudi kazini akijiona mdogo kuliko kichwa cha msumari.

Siku ya tisa, asubuhi, Dada Testa alikuja na ngazi na begi lake. Mama Pacha alikuwa kazini. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, anafua nguo za pacha. Kwa hiyo fundi wa chuma na fundi wa umeme walikuwa peke yao.

Dada Testa alianzia nje. Aliisukuma nguzo moja ya kibanda kwa kiganja. Nguzo ilicheza.

"Umechimba kiasi gani?"

"Mpaka hapa." Baba Pacha alionyesha chini kidogo ya goti.

"Na zege?"

"Kidogo."

"Jirani, hili si paa la mabanda ya kuku. Upepo ukiingia chini ya paneli unaziinua, kama mwavuli unavyogeuka. Nguzo iende chini zaidi, izungushiwe zege la kutosha, na ifungwe kwa bolti kwenye kitako cha chuma. Haya wewe unayajua kuliko mimi."

Baba Pacha aliyajua. Geti la mteja asingelisimamisha hivyo. Alikuwa na haraka ya kusifiwa. Masikio yalipata joto.

Dada Testa akanyoosha kidole kuelekea kwenye mnara wa tangi la maji. Kivuli cha tangi kilikuwa kimelala juu ya paneli moja.

"Unaiona ile? Unadhani umepoteza paneli moja. Umepoteza zaidi. Paneli zilizofungwa kwa mstari mmoja ni kama watu waliobeba gogo. Mmoja akilegea, wote wanapunguza mwendo. Kwanza tunatafuta mahali ambapo jua halizibwi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Ndipo tunachimba."

Wakaingia jikoni. Dada Testa aliutazama ukuta mweusi kwa muda mrefu. Kisha akachukua birika, lililokuwa limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha kama mshtakiwa. Aliikagua plagi yake. Aliifungua soketi lilimokuwa limechomekwa.

"Plagi hii ni nzima," alisema. "Soketi ni nzima. Moto ulioanzia hapa ungeziyeyusha zote mbili. Umeungua kule, nyuma ya kabati. Ule waya wa gari uliopita pale uko wapi?"

"Nimeutupa."

Dada Testa hakubishana. Aliegemea meza.

"Nikueleze kitu. Birika na gari vinaweza kunywa umeme kwa kasi moja. Lakini birika ni mgeni wa dakika tano. Gari ni mgeni wa kushinda. Saa tatu, nne, tano, umeme unapita bila kupumzika. Waya ukiwa mwembamba unapata joto. Ukiuacha umekunjwa, joto halina pa kutokea. Na kama umeungwa kwa kusokota na utepe, pale kwenye kiungo ndipo pabaya kuliko pote. Siku ya kwanza hauungui. Siku ya kumi hauungui. Utepe unakauka kidogo kidogo, shaba inalegea kidogo kidogo. Halafu inafika siku ya jua kali."

"Lakini nilizima swichi kuu," Baba Pacha alisema, na sauti yake ilikuwa imenywea. "Cheche hazikuacha."

"Swichi kuu inazima umeme wa shirika. Je, inazima jua? Maadamu kuna mwanga, paneli zina umeme. Lazima pawe na swichi ya paneli peke yake, mahali panapofikika haraka, na kila mtu wa nyumba aijue. Hata bibi. Hata mgeni."

Alilirudisha birika mahali pake.

"Birika halina hatia, Baba Pacha. Nadhani unajua. Mimi sitasema kwa mtu. Hilo si neno la fundi wa umeme. Ni lako."

Baba Pacha alitaka kujibu, lakini wazo jingine lilimjia, na damu ikamwisha usoni. Mwezi mmoja na siku chache. Siku ya jua kali. Maboksi ya vitabu.

"Mwalimu," alisema.

"Mwalimu amefanya nini?"

"Wa kwake nimeuunga hivyohivyo."

Walivuka barabara wakikimbia. Mwalimu alikuwa barazani anasoma gazeti, na gari lake lilikuwa limechomekwa chini ya kibanda kipya. Dada Testa alilichomoa kwanza. Baba Pacha aliingia stoo bila hodi, akayavuta maboksi. Utepe mweusi ulikuwa umelainika kama mshumaa karibu na jiko. Boksi lililougusa lilikuwa limebadilika rangi na kuwa kahawia.

Mwalimu alisimama mlangoni na gazeti lake.

"Kuna nini humu?"

Safari hii hapakuwa na mahali pa kutazama wala pa kuficha mkono.

"Nilikufanyia kazi mbovu, Mwalimu," Baba Pacha alisema. "Mimi si fundi wa umeme. Nilijifanya. Moto wa kwangu ulitoka kwenye kiungo kama hiki. Si kwenye birika. Niliuona siku ileile, nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu kungekuunguza wewe."

Mwalimu aliligusa lile boksi la kahawia.

"Mke wangu hulala chumba hicho cha pili," alisema. "Hawezi kutembea bila kushikwa. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi nenda ukaseme nyumbani kwako. Halafu urudi hapa na huyu binti, mnifanyie kazi ya kueleweka."

Baba Pacha alivuka barabara tena, polepole. Mama Pacha alikuwa amerudi kwa chakula. Alikuwa amekaa uani karibu na mama yake, anambadilishia kitambaa cha mkono. Begi la Bibi lilikuwa limeshafungwa, limewekwa kando ya mlango. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Baba Pacha hakukaa. Alitoa kile kipande cha waya kutoka mfuko wa ovaroli. Kilikuwa humo siku zote tisa. Alikiweka juu ya kigoda mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, birika halikuchoma nyumba. Mimi ndiye niliyechoma. Waya huu niliuunga kwa mkono wangu. Niliuona umeungua siku ileile. Nikaona aibu mbele ya watu, nikakuachia wewe mzigo."

Mama Pacha aliacha kufunga kitambaa. "Tangu siku ile ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Na nilivyomsema mama yangu, ulikuwa umekaa pale unakula."

"Nilikuwa nimekaa."

Mama Pacha alisimama na kwenda ndani. Hakuubamiza mlango. Ingekuwa nafuu kama angeubamiza.

Bibi alikichukua kile kipande, akakigeuza. Alipoanza kusema, sauti yake ilitetemeka, na Baba Pacha alielewa kuwa ni hasira.

"Siku tisa najiuliza kama nilitoka jikoni au sikutoka. Najua sikutoka. Nakumbuka niliosha vikombe. Lakini nilijiambia, kama wote wanasema nilitoka, basi kichwa changu kimekwisha. Mama yangu alipozeeka alisahau mpaka majina yetu. Nikasema imenifika na mimi. Mkono huu utapona, mwanangu. Lakini ulinifanya niogope kichwa changu mwenyewe."

Baba Pacha alipiga magoti kwenye vumbi. "Nisamehe, Mama."

"Inuka. Sitaki magoti. Kosa langu lilisemwa mbele ya majirani. La kwako nalo lisemwe mbele yao. Ukishamaliza, ndipo uniombe."

Alikwenda. Ilikuwa mchana kweupe. Alibisha hodi kwa kila aliyekuja na ndoo au beseni siku ya moto, akasema maneno yaleyale. Wa kwanza alicheka akidhani ni utani. Wa pili alimshukuru. Yule jirani aliyesema kuhusu mabirika ya wazee aliinamisha kichwa, akavaa viatu, akaenda mwenyewe kumwomba Bibi radhi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mteja aliyekuwa amemwahidi kazi ya madirisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiria. Hakurudi tena. Baba Pacha hakumlaumu.

Jumamosi mtoto wa kiume wa Bibi alikuja. Bibi alimpa chakula, akamsikiliza habari zake, akamwambia arudi kwake mikono mitupu. "Nina kazi hapa," alisema. "Nataka kuona kibanda kinavyojengwa."

Na alikiona. Kazi ilichukua siku nyingi. Baba Pacha aling'oa nguzo zake zote nne. Alihama kutoka kwenye kivuli cha tangi, akachimba hadi kiunoni, akamwaga zege na kulingoja likauke. Paneli zilifungwa kwa vibanio na bolti, zikainamishwa kidogo ili mvua izioshe. Kisha akaweka nyundo chini, akamwachia Dada Testa.

Dada Testa aliuliza kwanza gari linakwenda kilomita ngapi kwa siku, akapiga hesabu ya paneli zinazohitajika. Inveta aliiweka nje, ukutani, chini ya kivuli chenye hewa, mbali na pazia na mbali na jiko. Alilifungulia gari njia yake peke yake ya umeme. Waya ulikuwa mnene, mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ndani ya bomba. Aliweka sakiti breka, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Aliweka na kifaa kingine kinachokata umeme ukivuja kabla haujamdhuru mtu. Mwisho alifukia fimbo ya shaba ardhini na kuunganisha waya wa ethi kwenye nguzo za chuma.

"Kibanda chote ni chuma," aliwaeleza. "Siku umeme ukigusa nguzo na mtoto akaishika, huu waya ndio utakaoupeleka umeme ardhini na kufanya breka ijikate."

Ile swichi ya paneli aliifunga karibu na mlango, palipo wazi. Aliwaita wote. Kila mtu aliizima na kuiwasha. Bibi alifanya hivyo mara nne, kwa mkono wenye kovu, na kila mara aliuliza swali. Mkaguzi wa shirika la umeme alikuja, akapima, akaandika, akaidhinisha. Kwa Mwalimu kazi ilifanywa vilevile, na Baba Pacha hakuchukua malipo.

Sasa Mama Pacha akirudi adhuhuri anamchomeka Bubu wakati jua lipo juu. Akitoka alasiri, betri imejaa. Siku za mawingu gari linaongezewa na umeme wa shirika. Paneli zinafutwa vumbi asubuhi na mapema, kwa maji na kitambaa laini, zikiwa bado baridi. Wazazi waliojifungua hawachelewi kutembelewa. Yule mtoto aliyegeuka manjano ameanza kuota meno.

Lakini ndani ya nyumba mambo yalirudi polepole kuliko umeme. Mama Pacha alikaa wiki kadhaa akiongea na mumewe habari za watoto na chumvi tu. Baba Pacha hakumharakisha. Alijua zege halikauki kwa maneno.

Siku moja mwanamke mwenye duka la kuokea mikate alikuja karakana. Alikuwa na gari la umeme la kusambazia mikate, na alitaka kibanda cha sola.

"Nimeambiwa wewe ndiye bingwa," alisema. "Anza kesho. Chuma na umeme, fanya vyote."

Mama Pacha alikuwa anapita na sinia la vikombe. Alisimama.

Baba Pacha alivua miwani yake. Masikio yakapata joto, kama kila mara. Alimweleza yule mwanamke habari yote, tangu utepe mweusi hadi mkono wa mama mkwe wake. Hakuruka mahali.

Mwanamke yule alimtazama. "Kwa nini unaniambia haya? Ungenyamaza, kazi ungepata."

"Nimewahi kunyamaza siku tisa, dada. Chuma nitakujengea. Umeme atafanya mwenye umeme wake."

"Basi mlete huyo mwenye umeme."

Mama Pacha aliweka sinia juu ya meza ya karakana. Alimimina chai kikombe kimoja, akampa mgeni. Akamimina cha pili, akamkabidhi mumewe mkononi.

"Kunywa kwanza," alimwambia. "Dada Testa nitamwita mimi."